Fimbo ya Mbali: Kisa cha Rudranath Capildeo wa Trinidad

Mwaka 1963, Trinidad na Tobago ikiwa bado changa katika uhuru wake, kiongozi wa upinzani bungeni alifunga safari kwenda London kufundisha hisabati chuo kikuu. Cheo hakukiacha. Uongozi wa chama nao hakuuacha. Mpango ulikuwa kwamba arudi nyumbani kila chuo kinapofunga, akae na watu wake kwa muda wa likizo, halafu arejee kwa wanafunzi. Mpango huo ulidumu takriban miaka minne, na ulipofika mwisho ulikuwa umemla yeye pamoja na chama chake.

Mtu huyo aliitwa Rudranath Capildeo. Nasimulia habari zake kwa ajili ya vijana wetu wenye vipaji na shahada kubwa, ambao hawakosi kuombwa na wazee wa vyama waje waokoe jahazi. Waombwao wengi huitikia. Wachache hujiuliza kwanza kama wako tayari kukaa.

Alizaliwa Februari 2, 1920, mjini Chaguanas, katika eneo la mashamba ya miwa. Baba yake, mwanachuoni wa dini ya Kihindu, aliletwa kutoka India kwa mkataba wa kazi mashambani, mfumo uleule ambao Waingereza waliutumia kuleta makuli wa kujenga reli kutoka Mombasa kwenda Uganda. Huku kwetu wengi wa wajenzi wa reli walirudi kwao kazi ilipokwisha. Kule Trinidad meli ziliendelea kushusha watu tangu 1845 hadi 1917, zaidi ya 140,000, na wengi wao wakabaki. Kufikia sensa ya 1960, watu wa asili ya India walikuwa zaidi ya theluthi moja ya wananchi wote, na wenye asili ya Afrika walizidi kidogo asilimia 40. Anayetaka kuielewa siasa ya kisiwa kile aanzie kwenye tarakimu hizo mbili.

Nyumba aliyokulia ingalipo kwenye barabara kuu ya Chaguanas: jengo zito, jeupe, la mtindo wa Kihindi, lenye sanamu za simba zilizolipa jina la Lion House. Mpwa wake, V.S. Naipaul, mwandishi aliyewahi kukaa Makerere mwaka 1966 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2001, aliigeuza nyumba hiyo kuwa Hanuman House katika riwaya yake A House for Mr Biswas. Ilikuwa nyumba ya ukoo mkubwa, yenye shangazi na binamu kila chumba, na mtoto aliyeonyesha akili humo alitengwa kwa ajili ya vitabu. Rudranath ndiye aliyetengwa. Kutoka shule ya Queen's Royal College alishinda ufadhili wa serikali mwaka 1938, ufadhili ambao kila mwaka uliwafikia vijana wachache mno katika koloni lote. Alisoma hisabati na fizikia University College London, akapata udaktari wa falsafa kwa utafiti kuhusu unyumbufu wa vitu, akawa mhadhiri hapohapo. Akaongeza na uanasheria.

Nataja elimu yake kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyomwingiza kwenye siasa. Upande wa pili alikuwapo Dk. Eric Williams, mwanahistoria wa Oxford, aliyepitia shule ileile ya Queen's Royal College na kushinda ufadhili uleule miaka kadhaa kabla yake. Williams alianzisha chama cha PNM mwaka 1956 na kushinda uchaguzi mwaka huohuo. Alikuwa akihutubia Woodford Square, katikati ya jiji la Port of Spain, akisomesha umma historia ya utumwa na katiba kana kwamba yuko darasani, na watu wakimsikiliza hadi usiku. Upinzani haukuwa na mtu wa kusimama naye hoja kwa hoja.

Upinzani wenyewe ulikuwa chama cha DLP, mseto wa makundi yaliyounganishwa na jambo moja tu: kutomtaka Williams. Kiongozi wake wa mwanzo, Bhadase Sagan Maraj, alikuwa mtu wa nguvu na wa fedha, kiongozi wa wafanyakazi wa miwa, ambaye kupitia jumuiya ya Wahindu ya Maha Sabha alisimamia ujenzi wa makumi ya shule mahali ambapo watoto wa mashambani hawakuwa na pa kusomea. Alikuwa hana shahada, lakini kila kijiji cha miwa kilimjua kwa sura. Katika uchaguzi wa Shirikisho la West Indies mwaka 1958, DLP ya Maraj ilinyakua viti 6 kati ya 10 vya Trinidad. Williams alikasirika hadharani, akailaumu jamii ya Wahindi kwa maneno makali ambayo wazee wa huko hawajayasahau.

Kisha Maraj akaugua, na ndani ya chama wakubwa wakaanza kunong'ona kwamba Dokta hujibiwa na Dokta. Wakati huo Capildeo alikuwa amerudi kisiwani. Mwaka 1960 mkutano wa chama ulimkabidhi uongozi, ukimwacha Ashford Sinanan, wakili aliyekuwa kiongozi wa upinzani katika bunge la Shirikisho, ambaye mwaka 1958 alikuwa amekosa uwaziri mkuu wa Shirikisho hilo kwa kura chache tu. Sinanan hakuwa na jina la kitaaluma kama la Capildeo, lakini siasa aliijua kwa kuifanya. Baadaye aliiwakilisha nchi yake kama balozi huko India. Nadhani chama kilikosea pale, na kosa halikuwa la Capildeo peke yake: wajumbe walitafuta mtu wa kulingana na Williams kwa vyeti, hawakutafuta mtu wa kukiendesha chama.

Jaribio la kwanza lilikuja Oktoba 15, 1961. Uchaguzi ulikuwa umekaribia, na kwa majuma mengi mikutano ya DLP ilikuwa ikivurugwa na wafuasi wa upande wa serikali, wasemaji wakizomewa hadi wasisikike. Siku hiyo Capildeo alisimama Queen's Park Savannah, uwanja mpana wa majani Port of Spain, na zomeazomea ikaanza tena. Mtu wa maktaba alipandwa na hasira. Aliwataka wafuasi wake wajiandae kwa silaha na waivunje mikutano ya PNM kama wao walivyovunjiwa. Maneno yalitoka mara moja, na hayakurudishika.

Chokochoko alizofanyiwa zilikuwa za kweli. Polisi hawakumlinda ipasavyo, na mtu yeyote mwenye damu mwilini angechukia. Lakini tazama nani alilipa. Serikali ilipata sababu iliyokuwa ikiihitaji: kabla ya siku ya kura, hali ya hatari ilitangazwa katika baadhi ya maeneo yenye Wahindi wengi, na nyumba za watu zikapekuliwa kutafutwa silaha. Aliyeamshwa usiku na mbwa wa polisi hakuwa Capildeo. Alikuwa mkata miwa ambaye pengine hata uwanjani hakufika. Na wale wapiga kura wa mjini, wenye maduka na ofisi, ambao hawakumpenda Williams lakini waliogopa fujo, walipata sababu ya kurudi nyuma.

Kura zilipigwa Desemba 4, 1961, kwa mashine za kuvuta wenzo, kitu kigeni kabisa kwa watu wa vijijini waliozoea karatasi na sanduku. DLP ilizilalamikia mashine hizo kabla ya uchaguzi na baada yake. Walioandikishwa walijitokeza kwa wingi wa ajabu, karibu asilimia 88. PNM ilipata viti 20, DLP 10. Kwa kura, hata hivyo, DLP ilikuwa na zaidi ya asilimia 40. Huo ulikuwa umati mkubwa wa wananchi waliosema wazi kwamba wanataka mtu wa kuwasemea.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Jamaica ilikuwa imeshapiga kura ya maoni Septemba 1961 na kuamua kujitoa kwenye Shirikisho. Williams naye akaamua Trinidad ijitegemee. Rasimu ya katiba ilitoka mapema mwaka 1962. Wajumbe wa DLP waliikataa, wakatoka kwenye mkutano wa kuijadili uliofanyika Queen's Hall mwezi Aprili. Mitaani kulikuwa na hofu. Baadhi ya viongozi wa Wahindi walikuwa wakidai kisiwa kigawanywe. Watu waliokuwa wakifuatilia habari za Guyana ya jirani, wakati huo ikiitwa British Guiana, waliona jinsi ugomvi wa makabila unavyoweza kuchoma mji.

Katika hali hiyo pande mbili zilikutana London, Marlborough House, kuanzia Mei 28 hadi Juni 8, 1962, chini ya Waziri wa Makoloni, Reginald Maudling. Siku zilipita bila suluhu. Ndipo, wakati wa mapumziko ya chai, Williams alipomwendea Capildeo wakazungumza wawili, vikombe mkononi, bila makarani wala maofisa wa Kiingereza. Wote wawili walikuwa wamesoma shule moja, wote walikuwa wameishi ugenini wakiwa wanafunzi maskini wa kikoloni. Waliporudi mezani, njia ilikuwa imepatikana. Serikali ilikubali kwamba vifungu vikuu vya katiba vilindwe kwa wingi mkubwa wa kura bungeni, mahakama iwe huru, tume isimamie uchaguzi na mipaka ya majimbo, na kiongozi wa upinzani ashauriwe katika mambo mazito ya taifa. Upinzani nao ulikubali uhuru uendelee bila uchaguzi mwingine.

Hapo namvulia kofia. Miezi minane tu baada ya kusema habari za silaha, aliyatazama matokeo ya njia ile na akachagua nyingine. Wako waliomwita msaliti, wakidai angesimama kidete angepata zaidi, hata kugawanywa kwa nchi. Sikubaliani nao hata kidogo. Zawadi kubwa kuliko zote ambazo Capildeo aliipa nchi yake ni saa ile ya chai. Agosti 31, 1962 bendera ya Uingereza ilishushwa Port of Spain bila damu kumwagika.

Lakini makubaliano ya aina ile hayajisimamii yenyewe. Katiba ilikuwa imempa kiongozi wa upinzani nafasi ya kushauriwa. Nafasi hiyo ilimtaka mtu awepo ashauriwe. Ilimpa haki ya kuteua maseneta 4 kati ya 24. Maseneta hao walihitaji kuongozwa. Na waliomwita msaliti walihitaji kuelezwa, kijiji kwa kijiji, kwa Kihindi na kwa Kiingereza cha mashambani, nini hasa kilichopatikana Marlborough House. Kazi hiyo ya kueleza ilikuwa inaanza wakati alipofunga masanduku.

Kwa nini aliondoka? Ni rahisi kumwelewa, na ndiyo maana kisa hiki kinatisha. Alikuwa mwanahisabati kwanza. Alikuwa na nadharia zake kuhusu mzunguko na mvutano alizotaka kuziendeleza, na chuo cha London kilimpa kazi, mshahara na heshima isiyozomewa na mtu. Upinzani katika nchi ndogo ni kazi ya kuchosha: malalamiko ya barabara, mazishi, ugomvi wa matawi ya chama, michango isiyotosha. Mtu wa aina yake huona siku inapita bila kufungua kitabu. Nafsi ikimvuta kurudi kwenye ubao na chaki, nani atamlaumu? Angejiuzulu, akaenda zake kwa amani, historia ingemkumbuka kama mtu wa Marlborough House na basi.

Hakujiuzulu. Bunge lilimpa ruhusa ya kutohudhuria, na serikali ya Williams haikuwa na sababu yoyote ya kuzuia jambo lililoiletea nafuu kubwa namna ile. Stephen Maharaj aliachiwa kukaimu uongozi wa upinzani, lakini mamlaka kamili hakupewa. Kila jambo zito lilingoja neno la London, au likizo. Wahenga walituambia fimbo ya mbali haiui nyoka, na nyoka wa siasa hangoji chuo kifunge.

Mapema mwaka 1964 Peter Farquhar na wenzake walijitoa, wakaunda chama cha Liberal. Hao walikuwa miongoni mwa watu walioifanya DLP ionekane kuwa zaidi ya chama cha Wahindi peke yao. Kuondoka kwao kulikipunguza chama kuwa kile ambacho Williams alikuwa akidai kila siku kwamba ndicho. Mwaka uliofuata likaja pigo zito zaidi. Machi 1965 wafanyakazi wa miwa walikuwa kwenye mgomo, hali ya hatari ikatangazwa maeneo yao, na serikali ikapeleka bungeni kwa haraka muswada wa mahusiano ya kazi uliokaribia kuiua kabisa haki ya kugoma. Wapiga kura wa DLP walikuwa ndio haohao wakata miwa. Kama kuliwahi kuwa na siku ambayo kiongozi wa chama alipaswa kuwa amesimama bungeni akizungumza kwa sauti yake mwenyewe, ni siku ile. Badala yake chama kiligawanyika mbele ya taifa: Maharaj akiupinga muswada, wengine katika chama hichohicho wakiuunga mkono. Baada ya ugomvi huo Maharaj alitengana na Capildeo, akaungana na C.L.R. James, mwanafikra mashuhuri wa kisiwa hicho, katika chama kipya cha wafanyakazi na wakulima.

Basi mkata miwa aliyekuwa na chama kimoja mwaka 1961 alijikuta mwaka 1966 ana vitatu vya kuchagua, vyote vikiwa vimetoka upande wake, na hakuna hata kimoja chenye uwezo wa kuunda serikali. Uchaguzi wa Novemba 7, 1966 ulikuwa wa viti 36. PNM ilichukua 24, DLP 12. Liberal hawakupata kiti. Chama cha James na Maharaj nacho hakikupata. PNM ilikuwa na karibu asilimia 52 ya kura, maana yake karibu nusu ya wapiga kura ilibaki upande wa pili, imemeguka vipande. Kura za DLP zilikuwa zimeshuka kutoka zaidi ya asilimia 40 hadi karibu 34.

Hata baada ya onyo hilo Capildeo alirudi London. Mwaka 1967 ruhusa haikutolewa tena, na Spika akatangaza kiti chake cha Chaguanas kuwa wazi kwa sababu ya kutohudhuria vikao. Kanuni hiyo ipo katika mabunge mengi, yetu pia, na kwa kawaida humpata mbunge mzembe asiyejulikana. Safari hii ilimwangukia kiongozi wa upinzani, katika mji aliozaliwa. Kwenye uchaguzi mdogo uliofuata, kiti hicho kilichukuliwa na Bhadase Maraj, mzee yuleyule aliyewekwa kando kwa kukosa shahada, akigombea bila chama.

Sipendi kumhukumu kwa ukali kuliko anavyostahili. Hakuiba, hakununuliwa, hakumtesa mtu. Nchi nyingi zilizopata uhuru miaka ile zilitamani kiongozi wa upinzani aliyekubali kushindwa na kukaa mezani na aliyemshinda. Kosa lake lilikuwa moja, nalo ni la watu wema pia: alidhani kwamba uongozi ni sifa aliyo nayo mtu, anayoweza kwenda nayo popote, kama alivyokwenda nayo hisabati yake. Wenzake waliomchagua kwa vyeti ndio waliomfundisha kudhani hivyo.

Na pengo aliloacha halikukaa bure. Vijana wa mjini waliochoka kungoja bunge liseme kitu waliingia barabarani Februari 1970. Machi 12 maelfu yao, wengi wakiwa wa asili ya Afrika, waliandamana kwa miguu kutoka Port of Spain hadi mashamba ya miwa ya Caroni, wakiwaita Wahindi waungane nao. Njia ile ndiyo DLP ilipaswa kuwa imeipita miaka saba nyuma kutoka upande wa pili. Aprili 21 Williams alitangaza hali ya hatari, na kikosi cha jeshi kikaasi. Wiki tatu baadaye, Mei 12, 1970, Capildeo alifariki London akiwa na umri wa miaka 50.

Chama chake hakikudumu baada yake. Mwaka 1971 DLP na wengine waliwataka wananchi wasusie uchaguzi. Theluthi moja tu ya waandikishwaji walipiga kura, na PNM ikatwaa viti vyote 36. Kwa muda bunge la Trinidad na Tobago likakaa bila mpinzani hata mmoja aliyechaguliwa kwa tiketi ya upinzani. PNM haikung'olewa hadi Desemba 1986. Mkata miwa aliyeipigia DLP kura yake ya kwanza akiwa na miaka 21, siku ile ya mashine za wenzo, alikuwa na miaka 46 alipoiona serikali nyingine.

Kijana uliyeombwa kuongoza na umepata kazi nzuri mbali, iseme mapema na uiachie nafasi. Hakuna aibu katika hilo, na wapo watu kama Maharaj na Sinanan wanaoweza kuishika.